Eti "mawe si nimekupa bure?" Huyu mkulima wetu wa mchele hapa Tabora ana nini lakini?

Mama Sinia:
Wakuu, mwangaluka. Nina hasira hadi herufi nazigonga hovyo, mnivumilie.

Yule mkulima mnamjua. Wa kofia ya pama, baiskeli yenye kengele mbili, anayekuja na mchele wake mwenyewe hadi mlangoni na kuapa kwa mizimu yote ya Unyanyembe kwamba ni mbegu ya supa tupu. Simtaji, mods wasije wakanifungia, ila kama una genge kuanzia Isevya mpaka Ipuli ujue ameshakupitia.

Juzi nikamchukulia gunia. Leo mchana genge limejaa, mzee mmoja mstaafu wa reli, mteja wangu tangu naanza, kaagiza wali maharage. Tonge la kwanza salama. La pili, KAH! Genge zima kimya. Akatoa kitu mdomoni, akakiweka taratibu ukingoni mwa sahani: jiwe jeusi, lina kona kona kama kito cha pete. Hakusema neno. Akanawa, akalipa (hapo ndipo paliponiuma), akavuka barabara kwenda kula ugali kwa yule jirani yangu mnayemjua pia.

Nikampigia bwana pama. Kistaarabu kabisa: kaka, mchele wako una mawe. Mnajua kanijibu nini? "Sasa mama, wewe umelipia mchele, mawe si nimekupa bure?"

BURE! Na akacheka! Bure vipi wakati gunia lilipanda kwenye mzani na mawe yake tumboni? Nimenunua kokoto kwa bei ya supa. Kwa yaliyomo mle namwaga jamvi la choo na ngazi inapatikana. Binti yangu anachambua tangu saa nane, macho yamemtoka. Na supa yenyewe iko wapi? Kachanganya mbegu tatu akakoboa pamoja, nusu ya sufuria inapondeka, nusu bado inagonga sahani. Chenga ndiyo usiseme.

Turubai moja tu! Angetandika turubai akapurie mpunga wake hapo, si kwenye udongo mtupu. Lakini yeye eti mawe kanipa bure. Halafu anacheka!

Kapera wa Cheyo:
Picha ya jiwe iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Mama Sinia:
Jiwe nimeliweka kwenye kikombe, namsubiri. Nitamrudishia, si alinipa bure.

Pangu Pakavu:
Namjuaaa! Mimi aliniambia ukila mawe madogo tumbo linasaga vizuri, mbona kuku wanakula. Nikanunua tena.

Kapera wa Cheyo:
Pangu Pakavu, ukanunua TENA? Hahaha, wewe ndiye kuku.

Jembe la Nzega:
Wa mjini mnachekesha. Mnunuzi anakuja shambani anataka lumbesa, gunia limevishwa kilemba juu, analipa la kilo 100. Sheria ya vipimo inasema mwisho kilo 100, nani anaijali kule porini? Na ukimpelekea mchele msafi na mwenzako akampelekea wa mawe, bei ni moja. Hilo turubai ninunue kwa mapenzi?

Mama Sinia:
Mimi na lumbesa wapi na wapi? Nilipimiwa kwenye mzani. Na mawe yakapimwa. Bure!

Bi Mkubwa wa Kanyenye:
Jembe la Nzega usitulaumu wote. Kuna mama mmoja wa Igunga ananiletea, supa anaifunga peke yake, mbegu nyingine kando, na anakuandikia juu ya mfuko. Anaanika kwenye turubai, anageuza geuza, jua likiwa kali sana anafunika, maana mpunga ukikauka ghafla unapasuka ukifika mashineni ndiyo hizo chenga. Namwongezea bei wala sinung'uniki.

Pangu Pakavu:
Tupe namba yake.

Bi Mkubwa wa Kanyenye:
Sitoi. Mtamharibu.

Mgebuka:
Mawe tu ndiyo mnalia? Mimi niko Kigoma, nilifuata mahindi Kasulu. Gunia juu kavu linalia chakacha, katikati mabichi. Sasa natembea na chupa kavu na chumvi kavu: tia mahindi, tikisa, chumvi ikigandia chupa ujue bado yana maji. Jamaa aliponiona natikisa akaita majirani, eti nimekuja kuloga ghala lake.

Jembe la Nzega:
Hata mimi ningeita majirani.

Bi Mkubwa wa Kanyenye:
Mahindi mabichi si ya kuchekea. Yakishapata ukungu kuna sumukuvu, na 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ukipika haitoki.

Mgebuka:
Ila nyie Tabora kaeni kimya. Dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, si aliingilia kwenu? Katoka Amerika ya Kati, huku Afrika kaonekana kwanza hapo kwenu miaka ya 70 mwishoni, leo anatafuna maghala mpaka nchi za jirani.

Kapera wa Cheyo:
Alishukia stesheni akaulizia treni ya Kigoma, ikachelewa, akaona atulie.

Jembe la Nzega:
Afadhali dumuzi. Dagaa wanaokuja huku kwa jina la Kigoma ni mchanga mtupu. Mke wangu anawaosha maji matatu, bado kwenye mboga unasikia krrr.

Mgebuka:
Hao si wetu! Mnauziwa dagaa wa Mwanza mnaambiwa wa Kigoma. Wa kwangu naanika kwenye chanja, mchanga hawaujui.

Pangu Pakavu:
Mbona na asali mnatuuzia za sukari?

Jembe la Nzega:
Asali si ya huku huku kwetu Tabora, wewe unaishi wapi?

Mama Sinia:
Jamani, huu ni uzi wa mchele!

Kapera wa Cheyo:
Mama subiri kidogo. Mgebuka, hao wa chanja kisado unauzaje?

Mgebuka:
Njoo PM.