Tupeane uzoefu: Wimbo wa Robyn, yule dada wa Sweden, ulikukuta wapi?

Mlevi wa Midundo
Wakuu, habari za jioni. Leo kwenye daladala ya Mbagala dereva kaweka fleshi yake ya mchanganyiko, baada ya singeli ikaingia "Dancing On My Own" ya Calum Scott, ile ya taratibu. Dogo niliyekaa naye siti moja anatikisa kichwa: "Huyu jamaa anajua kutunga." Kutunga! Ule ni wimbo wa Robyn, wa 2010, na mwenyewe aliuimba mdundo ukipiga kama nyundo. Mtu yuko disko, anamwona mpenzi wake na mwingine, na bado anacheza. Calum kaondoa kucheza kaacha kilio. Nimeshuka na hasira. Hebu semeni, nyie mlimjulia wapi?

Fundi Redio
1997, "Show Me Love". Nilikuwa natengeneza redio, nikaacha chuma cha kulehemu kinawaka juu ya meza nikimsubiri mtangazaji ataje jina.

Mzee wa Bilicanas
Fundi usitudanganye. "Show Me Love" ni ya Robin S, mama wa Kimarekani, imepigwa disko la Bilicanas mpaka sakafu ikapata joto. Huyo Mzungu wenu kaiba mpaka jina.

Fundi Redio
Mzee, ni nyimbo mbili tofauti. Ya Robin S ilivuma 1993. Ya Robyn alitunga yeye na mtunzi wa Kiswidi Max Martin, ikaingia kumi bora Marekani, na binti alikuwa hajafika hata miaka ishirini.

Mzee wa Bilicanas
Kumi bora za Marekani hazichezeki.

Kipanga wa Nairobi
Naungana na Fundi. Matatu ya mtaa wetu ilikuwa inaipiga kila asubuhi.

Shemeji wa Wote
Mimi Sweden namjua Dr. Alban tu. "It's My Life", daktari wa meno aliyekimbia meno za watu.

Fundi Redio
Basi Robyn unamjua nusu. Dr. Alban alitengenezwa na prodyuza Denniz Pop. Huyo huyo Denniz ndiye aliyekaa na Max Martin studio za Cheiron, Stockholm, wakampikia Robyn zile za mwanzo. Bendi ya Ace of Base nayo ilipita mikononi mwake. Akafariki 1998, bado kijana.

Shemeji wa Wote
Kumbe ukoo mmoja. Haya, endeleeni.

Mama Zuu
Ngoja niseme, maana mmenichokonoa.

Niko Stockholm tangu niolewe. Ijumaa moja shoga yangu wa Kiganda, tunafanya naye kazi nyumba ya wazee, akanivuta twende ukumbi mmoja Södermalm, DJ usiku ule anapiga Robyn tu. Jamani, hawa Waswidi mnaowaona kwenye treni, mtu hakai pembeni yako mpaka siti nyingine zote ziishe, mle ndani wanalia huku wanaruka, wanakumbatia wasiowajua. Ikaingia "Call Your Girlfriend". Kwa wasioujua, anayeimba ni mwanamke wa pili. Anamfundisha bwana ampigie mwenzie wa zamani, amwambie kwa upole kwamba kapata mwingine. Nilikuwa najua kabisa anachosema, nikashangilia upande wa mchepuko mpaka sauti ikakauka.

Wikendi treni za chini ya ardhi zinatembea usiku kucha. Tukapanda stesheni ya Medborgarplatsen, nikashuka Slussen nibadilishe nichukue laini nyekundu. Mume wangu alikuwa kaniaga anakwenda zamu ya usiku, dereva wa basi. Nainua macho, ng'ambo ya reli namwona. Kavaa koti nililomnunulia mimi. Anasukuma kigari cha mtoto, na mwanamke kampitishia mkono kwenye kwapa.

Sikupiga kelele. Nikampigia simu. Nikamwona anaitoa mfukoni, anaitazama, anairudisha. Treni ikaingia katikati yetu.

Kipanga wa Nairobi
WEH.

Binti Tanga
Mama Zuu usituachie hapo! Treni ilipotoka?

Kaka Mkweli
Hii chai. Imezidi sukari.

Wa Göteborg
Chai gani, wewe Slussen umefika? Laini nyekundu na ya kijani zinakutana pale pale. Pole sana dada yangu.

Kaka Mkweli
Stesheni ipo, sawa. Na pengine huyo mwanamke ni dada yake, anamsindikiza na mtoto wake.

Binti Tanga
Dada gani anashikwa hivyo saa nane za usiku? Wanaume mnateteana hata mtu hamjamwona.

Shemeji wa Wote
Ushauri wangu: ungevuka reli.

Wa Göteborg
Avuke reli afe? Ushauri wa maana ni kupeleka karatasi mahakamani. Na kama mna mtoto wa chini ya miaka 16 mnapewa kwanza miezi 6 ya kufikiri, kwa hiyo mtu asichelewe kuanza.

Bibi Kidawa
Wanangu, mume haachwi kwa sababu ya kigari. Muulize kwanza.

Binti Tanga
Bibi, shikamoo, lakini hapana.

Mama Zuu
Marahaba kwa niaba ya bibi, haha. Treni ilipotoka hawakuwepo. Mtoto ni wa yule bwana, talaka ilishatoka zamani, mimi mzima. Wimbo siuchukii, naupiga nikipika. Kinachonikera ni kimoja: yule wa kwenye wimbo angalau anaambiwa apige simu. Wangu nilimpigia mwenyewe, na hakupokea.

Kaka Mkweli
Naondoa neno chai.

Mlevi wa Midundo
Pole Mama Zuu. Sasa wakuu, uzi wangu turudishieni. Hakuna aliyekuwepo New York Machi 2019? Watu walitoka onyesho lake Madison Square Garden, wakajaa stesheni ya treni wakaimba "Dancing On My Own" kwa pamoja, hakuna ala hata moja. Mimi video ile nikiiangalia nasisimka.

Shemeji wa Wote
Stesheni tena? Mama Zuu asiione.

Mwanafunzi wa Udom
Samahani wakubwa, mimi mgeni kwa huyu dada. Nianze na albamu ipi?

Kipanga wa Nairobi
Body Talk, 2010. Usipoteze muda.

Wa Göteborg
Hapana, Honey ya 2018. Alikaa miaka minane bila albamu yake mwenyewe, na katikati akafiwa na Christian Falk, rafiki aliyefanya naye kazi miaka mingi. Inasikika.

Fundi Redio
Wote mmekosea. Aanze na ile ya 2005 inayoitwa jina lake. Kampuni kubwa ilikuwa haielewi anachotaka, akatoka, akafungua lebo yake, Konichiwa. Toleo la Uingereza lina "With Every Heartbeat", aliofanya na prodyuza Kleerup, ukashika namba moja kule 2007. Wimbo hauna kiitikio cha kueleweka, na bado.

Binti Tanga
Mdogo wangu, kama umeachwa karibuni, anza na yoyote. Kama hujaachwa, subiri.

Mzee wa Bilicanas
Nimekwenda kuusikiliza huo wa 1997. Hauna besi. Wazungu wa baridi hawawezi disko, narudi kwa Robin S wangu.

Fundi Redio
Mzee, ile ya Robin S unayoipenda, yenye kinanda kile, ni remiksi ya StoneBridge. Mswidi.

Mzee wa Bilicanas
Weka ushahidi.