Naomba ushauri: namtafsiria mzee filamu ya Will Hay, mchekeshaji wa zamani wa Uingereza, nifanyeje?

Habari zenu ndugu zangu. Mzee wangu hajui Kiingereza, lakini jana nilipomwekea Good Morning, Boys ya mwaka 1937 alicheka mpaka machozi kumwona Will Hay akichungulia juu ya vile vimiwani vya kubana pua. Kisa chenyewe kilimpita: mwalimu anacheza kamari ya farasi na wanafunzi wake, kisha wanajikuta Paris kwenye njama ya wizi wa mchoro wa Mona Lisa. Kila nikisimamisha nitafsiri, utamu unakatika. Je, nimsimulie yote kwanza, au nimwandikie maandishi ya Kiswahili chini ya picha? Na yule anayepokea dau za farasi mnamwitaje? Jumapili anataka tuirudie.