Naomba ushauri: mteja akinyamaza nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Nasomea unasihi (ushauri nasaha), sasa niko kwenye mafunzo kwa vitendo. Nadharia ya mwanasaikolojia Carl Rogers naipenda mno: kumwelewa mteja kwa undani, mnasihi kuwa mkweli, kumkubali mteja bila masharti, mambo aliyoyaeleza mwaka 1957. Shida huanza mteja akinyamaza. Juzi dada mmoja alikaa kimya akisokotasokota ncha ya kitambaa chake. Nikamrushia maswali matatu mfululizo, akajifunga kabisa. Iliniuma sana.

Msimamizi ananishauri niongeze mbinu za daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck za kuchunguza fikra za mteja. Mimi naona pengo langu ni kusikiliza. Mliotangulia, ukimya mlijifunzaje kuuvumilia? Na je, nichanganye nadharia mapema hivi, au nibobee kwanza kwenye moja?