Utafiti wa floraidi Meru: maji yamebadilika, meno ya watoto hayajabadilika. Nipime nini?

mwanafunzi_Moshi
Habari za jioni wadau. Nasoma uzamili wa afya ya jamii hapa Moshi. Andiko langu ni la floraidi, madini ambayo yakizidi kwenye maji ya kunywa hutia meno madoa ya kahawia, na meno ya wanafunzi wa darasa la sita na la saba, kata ya Maji ya Chai, wilayani Meru, Arusha. Nilipanga kuchota maji kwenye vyanzo, kuyapima, kisha kuangalia meno kwa kipimo cha Dean, kinachopanga madoa ya meno kwa ukali wake.

Nilipokwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji nikakuta nyumba moja inakunywa bomba la mradi, mto bomba likikatika, na mvua wakati wa masika. Kuna mtoto meno yake ni ya kahawia kabisa. Jirani yake ana meupe, na wote wanachota bomba moja. Msimamizi anataka kila mtoto awe na kiwango kimoja cha maji. Mliowahi kufanya kazi hii, mlipitia njia gani?

fundi_maabara
Dada, meno hayo hayakuonyeshi maji ya leo. Enameli, yaani tabaka gumu la nje, ya meno ya kudumu hujengwa tangu uchanga hadi kama miaka 8. Wa miaka 13 anakuonyesha alichokunywa akiwa mdogo. Uliza alizaliwa wapi, na nyumba ilichota wapi miaka ile. Ukitaka hali ya sasa, pima floraidi kwenye mkojo. Sampuli zote ziwe kwenye chupa za plastiki, floraidi hula kioo. Chukua kiangazi na masika.

Mama_Kikwe
Mwanangu, mimi ni mzaliwa wa huku na meno yangu ni hayo unayoyatafuta. Nimekua naona wasichana wanacheka mkono ukiwa mdomoni. Ninao pia ndugu wenye matege ya kutisha, maana floraidi ikizidi huharibu na mifupa, kwa hiyo usiishie kwenye meno, angalia na miguu.

Miaka ya 1970 serikali iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Sisi tumelelewa kwenye hayo ya 8, na bibi zetu walituchemshia kwa upendo. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki yote huku maji yakipungua, basi inazidi kukolea. Hili waeleze akina mama siku hiyo hiyo unayowahoji. Usisubiri tasnifu.

Halafu jikoni. Makande na maharage huku hulainishwa kwa magadi, na magadi yenyewe yana floraidi. Wale watoto wako wawili wenye bomba moja, nenda kaone sufuria za mama zao, na uulize kila mmoja aliachishwa ziwa kwa uji wa maji gani. Mzungumzaji wako awe bibi. Mama kijana huenda ameolewa hapo majuzi tu, bibi anakumbuka mto ulikokuwa unachotwa.

Pita pia kituo cha Ngurdoto wanakotengeneza mkaa wa mifupa ya ng'ombe wa kuchujia floraidi. Waulize nani ana chujio, na mkaa ulibadilishwa lini, maana ukichoka hauzuii kitu.

Ombi langu: rudisheni majibu. Tumechotewa maji na kukaguliwa midomo na wanafunzi wengi, na wengi hatukuwaona tena.

mwanafunzi_Moshi
Shikamoo mama. Nitarudi na majibu ya kila chanzo, yabandikwe ofisi ya kijiji. Naliandika hilo kwenye andiko lenyewe. Fundi, historia ya maji naiingiza kwenye dodoso, mwaka kwa mwaka. Ila magadi nitayapimaje? Nikiuliza wanatia vijiko vingapi, kila mtu anakisia.

Mama_Kikwe
Marahaba. Usiulize vijiko. Mpe mfuko mtupu, mwambie atie humo kiasi kile kile anachotia kwenye sufuria ya makande, ukapime mwenyewe. Na uulize sufuria hiyo inalisha wangapi.