Meno ya propela ya Prado 95 yamelika: yachomelewe au propela ibadilishwe?

Dereva_wa_Nyando aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nina Prado 95 ya mwaka 1999, injini ya dizeli ya 1KZ-TE, gia otomatiki, ambayo msimu wa mvua hupita mara kwa mara kwenye matope na maji ya uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Kwa muda sasa, kila ninapotoa gia kwenye R na kuingiza D, chini ya sakafu hugonga "ko!", na mwendo ukifika kama kilomita 80 kwa saa sakafu hutetemeka ilhali usukani umetulia. Fundi ameifungua propela ya nyuma (bomba linalozunguka na kupeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma), akanionyesha kwamba meno ya ile sehemu inayoingia na kutoka yamelika. Anapendekeza ayajaze kwa kuchomelea kisha yakatwe upya, au, kwa gharama ndogo zaidi, aichomelee propela iwe kipande kimoja. Je, mojawapo ya njia hizo inafaa? Na je, naweza kuitoa propela hiyo nikaendelea kutumia ya mbele peke yake hadi nipate spea?

Fundi_Kibuye alijibu:

Ndugu, hiyo ya kuifanya kipande kimoja ikatae papo hapo. Ekseli ya nyuma hupanda na kushuka pamoja na springi, na kila inapofanya hivyo umbali kati ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na difu (gia zilizo kwenye ekseli) hubadilika kidogo. Meno yale yamewekwa ili propela irefuke na kufupika kufuata mabadiliko hayo. Ukiyafunga, kila shimo la barabarani litazisukuma na kuzivuta beringi za transfa na za difu, nawe utakuwa umebadilisha kasoro ya propela kwa kasoro ya transfa, ambayo bei yake haina mfano.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mlio unatoka kwenye meno, kwa kuwa krosi (kiungo cha msalaba kwenye ncha ya propela) iliyochoka na difu iliyolegea hugonga vivyo hivyo. Zuia magurudumu kwa mawe pande zote mbili, weka gia kwenye N, ingia chini, shika propela kwa mkono mmoja upande huu wa meno na kwa mwingine upande wa pili, kisha uzungushe mikono kinyume. Kuingia na kutoka kwa urefu ni kazi yake halali. Kinachokuhusu ni kucheza kwa mzunguko na kupanda na kushuka. Rudia hivyo kwenye kila krosi. Tazama pia grisi inayotoka: ikiwa na rangi ya kahawia nyekundu kama vumbi la matofali, maji yamekwisha kuingia na chuma kinajisaga kwa kutu yake chenyewe.

Kuhusu kutumia propela ya mbele peke yake, inawezekana, kwa kuwa propela ya gari hili hufungwa kwa boliti kwenye flanji (kisahani chenye matundu) pande zote mbili na kuitoa hakumwagi oili. (Magari ambayo propela huchomekwa moja kwa moja nyuma ya gia boksi, kama Subaru nyingi, si hivyo.) Lakini lazima ufunge difu ya katikati, ile iliyo ndani ya transfa, kwa kuweka wenzo wa transfa kwenye HL, la sivyo nguvu yote itakimbilia upande usio na propela na gari halitasogea. Jambo hilohilo ndilo hatari ya kuegesha: difu ya katikati ikiwa wazi na propela moja haipo, P haitalishika gari hata kidogo, kwa hiyo tegemea breki ya mkono na mawe. Uende polepole, safari fupi, bila mzigo. Mpando wa Mamboleo kuelekea Kiboswa ungoje.

Mkerezaji_Nakuru alijibu:

Naunga mkono, nami niongeze kuhusu kujaza meno, kwani kazi hiyo huletwa kwangu mara nyingi nami huikataa. Meno ya kiwandani hufanywa magumu kwenye tabaka la juu ili yasilike upesi. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu huo, hupinda shina, na chuma kilichojazwa huweza kupasuka pale jino linapoanza, mahali usipopaona. Hata ukimpata mtu wa kuyakata vizuri, bado utakuwa na meno laini yanayosuguana na yoki (kipande kinachoyapokea meno ya shina) iliyokwisha kulika.

Njia ya haki ni kubadilisha shina na yoki yake pamoja, kwa sababu vimelika pamoja, na kipya ndani ya kikuukuu hakidumu. Bomba hukatwa, shina jipya huchomelewa likiwa kwenye mashine ya kukereza, unyoofu hupimwa kwa saa ya kupimia, kisha propela husawazishwa. Vile vibamba vidogo vya uzani vilivyobandikwa kwenye bomba visibanduliwe kiholela.

Mwambie fundi wako atie alama kwa rangi kwenye flanji na pande zote mbili za meno kabla ya kuzitenganisha. Masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma ya propela hiyo lazima yaelekee upande mmoja. Ukiyarudisha yakiwa yamekosea jino moja tu, mtetemo utabaki, nawe utailaumu spea mpya bure.

Dereva_wa_Nyando aliandika:

Ahsanteni sana, mafundi. Nimepima kama mlivyoeleza: krosi zote mbili hazichezi, meno yanacheza waziwazi, na grisi ni nyekundu. Nimeonyeshwa propela kuukuu iliyotoka Japani, kwa bei ya chini kuliko kutengeneza hii. Niangalie nini?

Fundi_Kibuye alijibu:

Nenda na yako mkononi uzilinganishe. Ya Prado fupi ya milango mitatu haiwi sawa na ya milango mitano, basi pima urefu ikiwa imesukumwa ndani kabisa, na pima matundu ya flanji. Izungushe meno yake kama ulivyoyazungusha ya kwako. Ikicheza, iache hata ukipewa bure. Ikiwa imara, ioshe, ipake grisi ya lithiamu ya daraja la NLGI 2, na baada ya kuifunga ongeza grisi kwa nipo (kichuchu cha kutilia grisi) ya meno kiasi cha kuanza kuchungulia tu, kwa maana ukiijaza mno grisi hubanwa ndani na kuizuia propela isifupike. Baada ya kila msimu wa matope ya Kano, pitia nipo zote tatu, ya meno na za krosi, hadi maji na grisi chafu itoke.

Mkerezaji_Nakuru aliandika:

Na bomba la hiyo kuukuu lisiwe na bonde wala alama ya kuchomelewa tena. Likiwa nalo, afadhali uniletee ya kwako tuitie shina na yoki mpya.