Aliyepata C: arudie kidato cha nne au aende stashahada?

Mama wa Umoja: Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yametoka na binti yangu amepata C, ilhali chuo kikuu kinahitaji C+. Tangu jana hajatoka chumbani, na simu ameizima kwa kuwa kila shangazi anapiga kuuliza "umepata ngapi?" Baba yake anataka arudie, mimi naona aombe stashahada kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo. Mnasemaje?

Mwalimu Mstaafu: Arudie, Mama. Mwaka mmoja si kitu katika maisha ya mtoto, na stashahada, tuseme kweli, ni mlango wa nyuma.

Binti wa Kasarani: Kwanza ana pointi ngapi? C+ huanzia 46 kati ya 84. Ikiwa ana 45, mnaweza pia kuomba KNEC, baraza la mitihani, kupitia shuleni, isahihishe upya karatasi zake. Ikiwa ana 39, hayo ni mazungumzo mengine kabisa.

Fundi wa Kariobangi: Mlango wa nyuma, Mwalimu? Huo ndio nilioupitia mimi. Nilipata C-, nikasomea stashahada ya umeme, kisha chuo kikuu kikanipokea moja kwa moja mwaka wa pili. Waliotangulia kwa mlango wa mbele niliwakuta darasani humo humo, na baadhi yao waliniomba niwaeleze saketi.

Mwalimu Mstaafu: Sikukutaja wewe, ndugu yangu. Ninachosema ni kwamba enzi za JAB, bodi ya zamani ya kuwapangia wanafunzi vyuo vikuu, mtu aliijua thamani ya C+.

Binti wa Kasarani: JAB ilishaondoka, Mwalimu, KUCCPS ilichukua nafasi yake baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Hata hesabu ya alama ilibadilika 2023: huchukuliwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi.

Mwalimu Mstaafu: Basi ndiyo maana C+ siku hizi zimejaa kama sukumawiki sokoni.

Baba Pacha: Hapo umenigusa. Wanangu wawili wamepata hizo C+ unazozifananisha na mboga, na nimewaona wakikesha na taa ya simu stima ilipopotea. Ungewaheshimu hata kama hesabu imebadilika.

Mwalimu Mstaafu: Sukumawiki ndiyo iliyonisomesha, Baba Pacha, mama yangu aliiuza soko la Wakulima. Sikuidharau.

Fundi wa Kariobangi: Lakini mlango wa nyuma uliudharau, na hilo hujalijibu.

Muuguzi wa Pumwani: Wazee, mtoto bado yuko chumbani. Stashahada ya uuguzi huhitaji C, pamoja na alama mahususi katika masomo kama biolojia, kwa hiyo mama aangalie matokeo ya kila somo kabla ya kuamua. Anayetaka arudie naye akumbuke kwamba KCSE ya mwisho ya 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondolewa, ni ya 2027.

Mama wa Umoja: Aliyeuliza pointi, ni 45. Baba yake akiona hivyo hatalala. Binti amesoma majibu haya yote juu ya bega langu, akasema mlango wa nyuma hauna neno, mradi shangazi hawasimami hapo. Biolojia ana B-. Muuguzi, tafadhali, ada ya muhula pamoja na bweni hufika ngapi?