Mrejesho: Mustang ya 1967 imewaka

Wakuu, nimerudi. Ni yule wa Houston aliyelalamika kwamba Mustang yake ya 1967, baada ya kufunga upya injini gerejini nyumbani, inatetemeka na kupiga mabomu kwenye kabureta. Uliyeniambia nisome namba za kwenye bloku ya injini, soda yako ipo. Nilisugua grisi kwa brashi ya waya, ikatokea C9OE, yaani bloku ya Ford ya mwaka 1969. Kumbe siyo injini ya 289 nliyodhani, mwenye gari wa zamani aliweka injini nyingine ya Ford, 351 Windsor! Mimi waya za plagi nilipanga kwa zamu ya silinda kuwaka ya 289, yaani 1-5-4-2-6-3-7-8, wakati hii inataka 1-3-7-2-6-5-4-8. Na kabureta ya watu nimeifungua mara tatu bure. Nimehamisha waya, ikawaka papo hapo, jirani katoka mbio na kandambili. Sasa naanza breki.